Tisa Nukta Nane kwa Bei Gani?

Mpwa wangu anayeishi Houston alinitumia picha saa tatu usiku, kwao ikiwa mchana. Ilikuwa picha ya kasha la plastiki ngumu, na ndani yake kitabu cha katuni: Black Panther namba 1 ya mwaka 2016, ile iliyoandikwa na Ta-Nehisi Coates na kuchorwa na Brian Stelfreeze. Kwenye pembe ya juu ya kasha, kwa tarakimu nene kuliko jina la kitabu chenyewe, palisomeka 9.8. Bei yake dola 75. “Shikamoo mjomba,” aliandika. “Ninunue au niache?”

Niliitikia marahaba, jibu la swali nikamwahidi kesho. Kitabu hicho kilipotoka Aprili 2016 kiliuzwa dola 4.99. Zile dola 70 za juu zinalipia nini? Kurasa ni zilezile, hadithi ni ileile, na kwa kuwa kasha limefungwa lisifunguke ila kwa kuvunjwa, mnunuzi hawezi hata kukisoma. Analipia namba. Basi kabla ya kusema inafaa au haifai, yatupasa kujua namba hiyo imetoka kwenye mizani gani.

Msomaji aliyelelewa Kilimanjaro au Nyeri ana njia fupi ya kulielewa jambo hili. Kahawa hupata jina la AA kwenye chekeche: punje kubwa hubaki juu, ndogo hupenya kwenda daraja la chini. Chekeche halionji. Kahawa inaweza kuwa AA na ladha yake ikawa ya kawaida tu, na ukifika msimu ambao AA imejaa mnadani, bei huporomoka na jina likabaki lilelile. Namba ya 9.8 ni chekeche la namna hiyo. Inapima hali ya karatasi siku ilipofika mezani kwa mpimaji. Haikuambii kama kitabu ni adimu, wala kama yuko mtu anayekitaka.

Kampuni iliyoeneza mizani hii ni Certified Guaranty Company, ijulikanayo kama CGC, yenye makao Sarasota, Florida. Ilianza kazi mwaka 2000, ikiwa ndugu wa NGC iliyokuwa ikipima sarafu tangu 1987. Kabla yake, biashara ya katuni za zamani ilikwenda kwa maneno. Kulikuwa na kitabu cha bei cha Robert Overstreet, kilichoanza kuchapishwa 1970, na wauzaji wengi walikitegemea, ila kila mmoja alikisoma kwa macho yake: kilichokuwa “kama kipya” kwa muuzaji kilikuwa “kimechoka” kwa mnunuzi. Biashara ilipohamia kwenye intaneti, watu wakawa wananunua vitu wasivyopata kuvishika, na ugomvi ukazidi. Hapo ndipo mtu wa tatu alipohitajika, wa kusimama kati ya hao wawili.

Kazi yake ni hii. Kitabu kinapokelewa, kurasa zinahesabiwa, kinakaguliwa kama kimeongezewa rangi, kimetiwa gundi au kimekatwa kingo ili kionekane kimenyooka. Kisha kinapewa namba kati ya 0.5 na 10.0 na kufungwa ndani ya kasha lenye namba ya usajili. Lebo ya buluu ni ya kawaida. Ya zambarau ni onyo kwamba kitabu kimekarabatiwa. Ya manjano ni ya kitabu kilichosainiwa mbele ya shahidi, na hiyo tutairudia. Wapo washindani, kama CBCS iliyoanzishwa 2014 na Steve Borock, aliyewahi kuwa mpimaji mkuu wa CGC yenyewe, lakini sokoni jina la CGC ndilo linalovuta bei. Mwaka 2021 kampuni ya uwekezaji ya Blackstone ilinunua sehemu kubwa ya kundi linalomiliki CGC, kundi lote likithaminiwa zaidi ya dola milioni 500. Ni kama kwenye karafuu: mwenye mizani hulipwa bei ikipanda, na hulipwa ikishuka.

Kwa katuni za kale, sina ugomvi na kazi hii. Action Comics namba 1, iliyomleta Superman mwaka 1938, ilichapishwa nakala kama 200,000 na kuuzwa senti 10. Zinazokadiriwa kubaki duniani ni kama 100 tu. Watoto walizikunja wakazitia mfukoni, wakabadilishana, wakazichana picha. Vilipokuja Vita vya Pili vya Dunia karatasi kuukuu zikakusanywa kwa ajili ya vita. Zilizosalimika zikatupwa na mama aliyekuwa akisafisha chumba. Sisi tuliosoma jarida la katuni la Sani miaka ya themanini hatuhitaji kuelezwa. Toleo moja lilizunguka mtaa mzima, na likimfikia wa mwisho halina jalada, hata vituko vya Lodi Lofa na Ndumilakuwili mwisho wake tuliupata kwa kusimuliwa. Leo ukiipata Sani ya wakati huo ikiwa na pini zake zote mbili, umepata kitu.

Kwa hiyo kitabu cha 1939 kikionekana kizima, ni ajabu, na ajabu inahitaji shahidi. Novemba 2025 nakala ya Superman namba 1 ya mwaka 1939, iliyokutwa darini California na ndugu watatu katika nyumba ya marehemu mama yao, iliuzwa katika mnada wa Heritage kwa dola milioni 9.12. CGC ilikuwa imeipa 9.0. Hakuna mtu mwenye akili zake angetoa fedha hizo kwa neno la muuzaji peke yake. Mpimaji hapo amestahili kila senti ya ujira wake.

Tatizo ni kwamba habari kama hiyo ikishatangazwa, kila mwenye boksi la katuni chini ya kitanda huenda kulifungua. Na asilimia kubwa ya kilichomo ni vitabu vya kisasa.

Neno “kisasa” lenyewe lina mchezo. Wakusanyaji wengi huanza kuhesabu enzi hiyo katikati ya miaka ya themanini. CGC, katika kupanga ada zake, kwa muda mrefu imehesabu kama kisasa chochote kilichochapishwa kuanzia 1975, mwaka uleule ilipotoka Giant-Size X-Men namba 1, toleo lililomleta Storm, yule mwanamke anayeamrisha mvua na radi, ambaye Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, anamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu. Jina lake ni Ororo. Mswahili akilisikia hutabasamu, kwa kuwa kwetu kilicho chororo ni laini, na huyu si mtu laini hata kidogo. Toleo hilo ni la thamani hasa, lakini kwa desturi ya wakusanyaji si la kisasa. Ninapozungumzia kisasa hapa nina maana ya vitabu vilivyochapishwa baada ya watu kujua kwamba katuni zinaweza kuwa mali.

Hiyo ndiyo tofauti inayobeba hoja yangu yote. Mtoto wa 1938 hakujua. Mnunuzi wa 1991 alijua, na akafanya alichodhani ni busara: alinunua nakala tano, akazitia kwenye mifuko ya nailoni yenye kadi ngumu nyuma, akazipanga kwenye boksi mahali pakavu, na hakuzisoma. Jirani yake alifanya vivyo hivyo, na jirani wa jirani pia. Mwaka huo kampuni ya Marvel ilitoa X-Men namba 1 ya Chris Claremont na Jim Lee yenye majalada matano tofauti, manne kati yake yakipangwa pamoja yanatoa picha moja, na maduka yakaagiza nakala zaidi ya milioni 8. Rekodi ya dunia. Novemba 1992 mshindani wake, DC, ilimuua Superman katika toleo namba 75, likauzwa ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cheusi cha msiba cha kuvaa mkononi. Watu walipanga foleni. Wengi walinunua mbili, moja ya kufungua na moja ya kusomeshea watoto chuo kikuu.

Watoto hao sasa wana watoto wao, na mfuko mweusi bado unauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Kwetu watu wa namna hii tuliwaita walanguzi, tena kwa ukali, ila mlanguzi wa sukari angalau alijua kwamba sukari itaisha. Katuni hizi hazikuisha. Walanguzi walipotambua kwamba kila wanayetaka kumuuzia tayari anayo, wakaacha kununua, maduka yakafungwa kwa wingi, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaomba kinga ya mahakama ya kufilisika.

Sasa chukua kitabu cha namna hiyo ukipeleke kwa mpimaji. Anahesabu kurasa: zipo zote, nani angezichana? Anatafuta gundi na rangi ya kuongezewa: hakuna, kwa kuwa hapana anayekarabati kitabu cha dola nne. Anaangalia kama karatasi imegeuka kahawia. Ile ya magazeti ya zamani hujila yenyewe kadiri miaka inavyokwenda, hii ya kung’aa ya siku hizi hukaa. Nusu ya utaalamu wake haina kazi hapa. Kinachobaki ni kutafuta kwa taa mkwaruzo mdogo kwenye mgongo wa kitabu, pembe iliyobonyea, alama ya kidole. Kati ya 9.8 na 9.6 kuna vistari viwili vitatu ambavyo mimi na wewe tungehitaji miwani kuviona, na kwa vitabu vinavyotafutwa tofauti hiyo hupunguza bei sana, mara nyingine hadi nusu. Wapo wanaovunja kasha la 9.6 na kukirudisha kitabu kilekile kupimwa upya, na mara nyingine hurudi na 9.8. Mizani ikiwa mikononi mwa binadamu ndivyo ilivyo, lakini sioni kwa nini mnunuzi alipe mara mbili kwa ajili ya siku nzuri ya mpimaji.

Na hizo 9.8 ni ngapi? Hili swali, bahati nzuri, lina jibu. CGC ina daftari la hesabu lililo wazi kwa yeyote kwenye intaneti, linaloonyesha kila toleo limepimwa mara ngapi na limepata namba zipi. Katuni ya miaka ya arobaini ukiifuatilia humo utakuta nakala za kuhesabu kwa vidole katika madaraja ya juu. Ukifuatilia The New Mutants namba 98 ya 1991, iliyomleta Deadpool, utakuta maelfu zilizopata 9.8. Nayo ni miongoni mwa matoleo yanayotafutwa sana ya enzi yake, ndiyo maana bei yake imesimama: wanaoitaka nao ni maelfu. Lakini umaarufu huo ni wa Deadpool, si wa plastiki. Toa Deadpool, uone kama 9.8 itakusaidia.

Wapo waliobahatika, na ni vyema kuwataja kwa haki. Teenage Mutant Ninja Turtles namba 1 ya 1984 ilichapishwa na Kevin Eastman na Peter Laird kwa fedha zao za kuungaunga, nakala kama 3,000 tu, jalada lake likiwa na weusi unaoonyesha kila mkwaruzo. The Walking Dead namba 1 ya Robert Kirkman na Tony Moore ilitoka Oktoba 2003 kwa nakala zisizofika 8,000, rangi nyeusi na nyeupe, wakati hakuna aliyejua kwamba mwaka 2010 ingekuwa tamthilia ya televisheni inayotazamwa dunia nzima. Ultimate Fallout namba 4 ya Agosti 2011 ilimtambulisha Miles Morales, kijana mwenye asili ya Kiafrika na Kipuertoriko anayevaa vazi la Spider-Man, miaka saba kabla ya filamu yake.

Ukizitazama hizo tatu pamoja utaona kwamba wakati zinatoka hakuna aliyekuwa akizinunua kwa wingi kama uwekezaji. Uhaba wake ulitokana na kupuuzwa. Wachapishaji wa leo wanajaribu kuutengeneza uhaba huo kiwandani: jalada maalumu ambalo duka hulipata nakala moja tu likiagiza 25, au 50, au 100 za kawaida. Mimi uhaba wa kupangwa siuamini. Duka likitaka lile jalada moja huagiza mia, na zile mia huishia kwenye boksi la punguzo karibu na mlango. Jalada lenyewe huvuma miezi sita, kisha linakuja jingine. Hata hivyo wapo wanaolipenda kwa uchoraji wake, na mtu akinunua picha aipendayo sina la kumwambia.

Turudi kwenye dola 75 za mpwa wangu, kwa kuwa hapo kuna hesabu ambayo wengi huiruka.

Siku ileile nilikuta nakala ya wazi, yaani isiyo na kasha, ya toleo hilohilo, safi, kwa dola 12. Tuseme ningetaka kuipeleka kwenye kasha mwenyewe. Ada ya kupima kitabu cha kisasa katika miaka ya karibuni imekuwa kati ya dola 20 na 30, tuiweke 30. Wengi hupiga kitabu pasi kwanza, yaani hulipa kikanyooshwe kwa joto na mgandamizo ili mikunjo midogo ipotee, weka 12. Posta ya kwenda, yenye bima, 15. Ya kurudi, 15, kwa kuwa kasha ni zito na hupasuka likiangushwa. Jumla dola 84. Na hapo bado sijui kama nitapata 9.8. Nikipata 9.4, nimetumia 84 kutengeneza kitu cha 40.

Kwa maneno mengine, yule anayeuza kwa 75 anauza kwa hasara, au alipeleka vitabu mia kwa pamoja na kupata nafuu ya posta. Ukiamua kwamba unataka kitabu cha kisasa ndani ya kasha, basi kinunue kikiwa tayari ndani ya kasha. Ada, bahati nasibu ya daraja na miezi ya kusubiri, vyote vimebebwa na mwingine. Sijui biashara nyingine ya vitu vya ukumbusho ambamo mnunuzi wa pili ana nafasi nzuri namna hii juu ya yule wa kwanza.

Ila hasara hiyo ya muuzaji ina mkia. Mpwa wangu akilipa 75 leo, siku atakapouza yeye ndiye atakuwa muuzaji. Soko kama eBay litamkata kama asilimia 13, karibu dola 10, halafu kuna boksi na posta. Ili arudishe fedha yake tu, kitabu lazima kipande hadi 100 hivi. Kitapanda kwa sababu gani?

Jibu la kawaida ni filamu, na jibu hilo limewaunguza wengi. Uvumi ukitoka kwamba mhusika fulani ataonekana kwenye filamu, toleo lake la kwanza hupanda. Filamu ikikaribia, hupanda tena. Ikishaonyeshwa, wote walionunua kwa uvumi hutaka kuuza wiki moja. Wakati wa Korona, mwaka 2020 na 2021, watu wakiwa ndani na fedha za msaada za serikali ya Marekani zikiwa mfukoni, bei za katuni zilizopimwa zilipanda karibu zote, za maana na zisizo na maana. Kuanzia 2022 zilishuka, na za kisasa ziliumia kuliko za kale. Waliokuwa wamenunua 9.8 kileleni wengine bado wanasubiri.

Tena, toleo la mpwa wangu hata halina kilele cha kusubiri. Filamu ya Black Panther ilishatoka Februari 2018 ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Shujaa mwenyewe hakuanzia 2016: Stan Lee na Jack Kirby walimleta katika Fantastic Four namba 52 mwaka 1966, na huko ndiko fedha za wakusanyaji zilikokimbilia. Hata hiyo “namba 1” kwenye jalada ni cheo cha bei rahisi. Marvel imemwanzishia Black Panther namba 1 mwaka 1977, 1998, 2005, 2009, 2016, 2018, 2021 na 2023, na hapo sijazitaja zote. Ile ya Coates ilikuwa tukio kubwa la uandishi, mshindi wa tuzo ya National Book Award kuandika katuni, na kwa sababu hiyohiyo maduka yaliagiza nakala zaidi ya 250,000 mwezi wa kwanza. Kila aliyeitaka aliipata. Wengi waliitunza kama yai.

Nilitaka pia ajue habari ya makasha yenyewe. Thamani ya mpango huu wote ni kuaminika kwa kasha, na mwanzoni mwa 2024 CGC ilitangaza orodha ya mamia ya namba za usajili zilizotiliwa shaka, baada ya kubainika kwamba mtu alikuwa akitumia huduma ya kubadilishiwa kasha kuingiza vitabu vya daraja la chini kwenye namba za juu. Waliopunjwa zaidi walikuwa wanunuzi wa vitabu vya bei kubwa. Lakini mnunuzi wa kitabu cha dola 75 pia afanye yanayowezekana: achukue namba ya usajili, aiingize kwenye tovuti ya kampuni, na kama kuna picha zilizohifadhiwa azilinganishe na kitabu kilicho mbele yake, mstari kwa mstari. Muuzaji anayeficha namba kwa kidole kwenye picha aachwe na kidole chake.

Kuna aina moja ya kasha ninayoitetea bila kusitasita, hata kwa kitabu kipya cha dola nne: lile la lebo ya manjano. Saini ni rahisi kughushi kuliko karatasi. Stan Lee alifariki Novemba 2018, na saini zake zinazozunguka sokoni ni nyingi mno. Ile iliyowekwa mbele ya shahidi wa kampuni, na kitabu kikatoka mkononi mwa shahidi huyo moja kwa moja kwenda kufungwa, ina ushahidi ambao hakuna jicho la mnunuzi linaloweza kuupata peke yake. Hapo kasha linafanya kazi ileile linayoifanya kwa Superman ya 1939: linathibitisha jambo ambalo wewe huwezi kulithibitisha. Na hicho ndicho kipimo ninachokitumia. Nikiona kasha, najiuliza linaniambia nini nisichoweza kukiona mwenyewe kwa kukishika kitabu dakika tano chini ya dirisha. Kwa kitabu cha kisasa kisicho na saini, kilichochapishwa kwa maelfu na kutunzwa kwa maelfu, jibu huwa ni kidogo sana. Anayenunua kwa mbali, kwa posta, hasa aliye Dar es Salaam au Mombasa ambaye kurudisha mzigo ni gharama kuliko mzigo wenyewe, ana sababu kubwa zaidi ya kutaka kasha, na hilo nalikubali. Ila naye akumbuke kwamba kasha likifika limepasuka, atalipa tena kulibadilisha, na ofisi zenyewe ziko ng’ambo.

Asubuhi nilimwandikia mpwa wangu. Nilimwambia aachane na kasha la dola 75. Kama anataka kusoma alichoandika Coates, kipo kimekusanywa kwenye kitabu kimoja, na ni nadra maktaba za huko alipo kukikosa. Kama anataka kumiliki kipande cha Wakanda, nchi ya Black Panther, atafute Black Panther namba 1 ya Novemba 1998, ya Christopher Priest na Mark Texeira, ambamo kwa mara ya kwanza wanaonekana walinzi wa kike wa mfalme, na miongoni mwao Nakia, yule ambaye miaka 20 baadaye alichezwa na Lupita Nyong’o. Au namba 2 ya 2005, anamotokea Shuri kwa mara ya kwanza. Alinganishe bei zilizokwisha kulipwa, si zinazoombwa. Tofauti kati ya nakala ya wazi iliyo safi na ya 9.8 ikiwa ndogo kuliko ada ya kupima, achukue yenye kasha; ikiwa kubwa, achukue ya wazi.

Alinunua ya 1998, ya wazi. Ameshaisoma mara mbili, na mgongo wa kitabu sasa una mistari mitatu myeupe.